Mjukuu wangu ni njiti, mbona hawamweki kwenye mashine?

SWALI: Sista, pokea salamu zangu. Mkwe wangu amejifungua hospitali ya wilaya, mimba ya miezi saba. Mtoto ana kilo 1.4. Chumba kile nimeona kina mashine za joto tatu, lakini mjukuu wangu wamemfunga kwa kitenge kifuani pa mama yake, na mpira puani. Jirani ananiambia hiyo ni dawa ya maskini, wenye pesa watoto wao hulelewa kwenye mashine. Mwanangu sasa anatafuta gari la kukodi ampeleke hospitali ya kulipia mjini. Nimshauri nini?
Bibi wa Korogwe

JIBU: Bibi mwenzangu, hongera ya mjukuu, na pole kwa hofu. Nianze na la haraka: mwambie mwanao aache habari ya gari. Mtoto wa kilo 1.4 hupoa upesi sana njiani, na njiti akipoa anaweza kufa. Ikibidi ahamishwe, daktari wa wodi ndiye atakayesema, na mtoto atasindikizwa na muuguzi.

Sasa hilo la dawa ya maskini. Nami niliwahi kuamini hivyo, nikiwa muuguzi kijana. Wodi yetu ilikuwa na mashine mbili, na kila mashine tulilaza watoto wawili, siku nyingine watatu. Mama zao walikaa nje ya kioo, kila mmoja na kikombe chake cha maziwa aliyokamua, wakisubiri tufungue dirisha tuyapokee. Usiku mmoja umeme ulikatika. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa, tukazifunga kwa kanga, tukawapanga watoto katikati yake. Mmoja wao, msichana, alikuwa baridi miguuni kabla hakujapambazuka, na asubuhi tukampoteza. Mama yake alikuwa amelala sakafuni kwenye veranda, hatua kumi na tano kutoka pale, na kifua chake kilikuwa cha moto usiku kucha. Hakuna aliyewaza kumwita. Hilo sijalisahau.

Jirani yako ameshika nusu ya habari, kwa kuwa kweli jambo hili lilianzia kwenye upungufu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, Dk. Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi kama yetu: watoto wamebanana kwenye mashine chache, wanaambukizana, wanakufa. Alikuwa amesoma habari za kangaruu, mnyama ambaye mtoto wake huzaliwa mdogo mno na kukulia kwenye mfuko wa mama. Akaanza kuwaweka njiti vifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakinyonya maziwa ya mama. Mwenzake, Dk. Héctor Martínez, akaiendeleza kazi hiyo. Madaktari wengi wa nchi tajiri waliiona kama mambo ya wasio na uwezo, sawasawa na jirani yako.

Aliyewajibu kwa vipimo ni daktari wa watoto kutoka Ufaransa, Nathalie Charpak, aliyehamia Bogotá. Yeye na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 700 waliozaliwa chini ya kilo 2, kisha wakawatafuta tena miaka 20 baadaye, wakiwa vijana. Waliolelewa kifuani walikuwa wametulia zaidi, hawana papara wala ugomvi kama wenzao waliolelewa kwenye mashine. Siku hizi Stockholm kwenyewe, mji usio na shida ya mashine, wazazi huwekewa kitanda ndani ya wodi ya njiti.

Lakini kwako wewe, Bibi, ushahidi mkubwa zaidi umetoka hapa kwetu. Kwa miaka mingi tuliambiwa tusubiri: njiti akae kwanza kwenye mashine mpaka hali itulie, ndipo apewe mama. Tatizo ni kwamba wengi hufariki siku zile za mwanzo, kabla hawajatulia. Kwa hiyo kuanzia mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaongoza utafiti katika hospitali tano: Muhimbili yetu, na nyingine za Ghana, India, Malawi na Nigeria. Muhimbili alikuwemo Dk. Helga Naburi na wenzake. Watoto walikuwa zaidi ya 3,200, wa kuanzia kilo 1 hadi karibu kilo 1.8, saizi ya mjukuu wako hasa. Kundi moja walifungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na mama akalazwa humo humo kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Kundi la pili walifuata ule utaratibu wa kusubiri. Mpaka siku ya 28, kati ya kila watoto 100 wa kundi la kwanza walifariki 12. Kwa wale waliosubirishwa, karibu 16. Kamati iliyosimamia usalama wa watoto hao ilipoyaona hayo ikashauri utafiti usimamishwe mapema, kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2022 Shirika likabadilisha mwongozo wake wa dunia nzima: njiti aanze kifuani mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Na kumbuka kuwa hospitali zile zilikuwa na mashine. Mtoto aliyehitaji msaada wa kupumua alipewa mirija yake akiwa juu ya kifua. Kwa hiyo mpira ulioona puani ni sehemu ya matibabu, hajatelekezwa. Zile mashine tatu zipo kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawajiwezi bado, au ambao daktari ameona wanazihitaji.

Unachoweza kufanya wewe ni kumpokea mkweo. Mama hawezi kubeba usiku na mchana bila kuoga wala kunyoosha mgongo. Kama huna kikohozi, homa wala upele, mwombe sista wa zamu akufundishe. Osha mikono, vua nguo za juu. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, akae wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande na kidevu kisilale kifuani, maana shingo ikipinda pumzi huziba. Kitenge kikazwe mpaka usawa wa sikio. Lala kwa kuegemea mito, usijilaze chali kabisa. Midomo ikibadilika kuwa ya bluu, au ukihisi ameacha kupumua, msugue mgongoni huku ukiita kwa sauti. Usione haya kupiga kelele wodini.

Mwanao naye ana kifua. Baba akivua shati anampa mtoto joto vilevile, nimewaona wengi, na wengine waligoma kumrudisha mtoto zamu ilipokwisha. Fedha ya gari aitumie kwa uji na nauli za kupokezana, na kesho mwende na vitenge viwili vizito na kofia mbili za sufu, moja ya kuvaa, moja ikiwa kwenye kamba.