Maswali kwa fundi: Kamera nyingi za zamani hufia mezani

Safari hii maswali yote ni ya renjifainda za filamu, zile kamera ambazo unalenga kwa kuzikutanisha taswira mbili katikati ya kidirisha. Mengi mmeshaniuliza, kwa hiyo kuna majibu yatakayokuwa mafupi.

Fundi, Canonet QL17 yangu haifyatui. Nimeshafungua kifuniko cha juu, nifuate nini?

Rudisha kifuniko. Pete ya f (ya kupanua au kubana tundu la lenzi) iko kwenye A, yaani kamera ijichagulie yenyewe? Ikiwa huko na betri imekufa, au mwanga hautoshi, kamera hujifunga isifyatue. Imeundwa hivyo. Hamisha pete hadi f/8 ubonyeze tena. Kila anayeniuliza swali hili ameshashika bisibisi, na hilo linaniuma, maana skrubu ikishaliwa kichwa harudi mtu kuitengeneza.

Shata (kile kilango kinachofunguka kupitisha mwanga) inafunguka kwa uvivu, mara nyingine inabaki wazi. Naweza kuitia tone la mafuta?

Hapana, hata nusu tone. Vibamba vya shata iliyo ndani ya lenzi hufanya kazi vikiwa vikavu. Ni vyembamba na vimelaliana, hivyo mafuta kidogo tu yanavigandisha kama kurasa zilizolowa. Kinachokukwamisha sasa ni mafuta yaliyochuja kutoka kwenye grisi ya miaka 50 iliyopita, na wewe unataka kuyaongezea mengine!

Dawa yake ni kuosha. Toa vioo vya mbele vya lenzi mpaka uvione vibamba. Chovya kijiti cha pamba kwenye nafta, ile petroli safi ya kujazia viberiti, kikamue, kisha kipitishe juu yake taratibu. Fyatua. Shata itaruka kama mpya, na hapo ndipo wengi wanapofunga kamera na kushangilia. Subiri nafta ikauke. Imulike kwa upande: ukiona rangi za upinde wa mvua juu ya vibamba, hayo ni mafuta yaliyoyeyushwa yakatandazwa upya, na baada ya dakika chache yatakwama tena. Rudia kwa kijiti kipya, mara nne, mara tano, hadi chuma kionekane kikavu na cha rangi moja. Iache ilale usiku kucha ndipo uijaribu kuanzia sekunde 1 hadi 1/500.

Usiimwagie nafta. Ikifurika huubeba uchafu hadi kwenye gia za mwendo wa polepole na vioo vya nyuma. Fungua madirisha, na moto wowote uwe mbali. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu isiwepo hata mezani.

Doa la kulengea katikati ya kidirisha lilikuwa hafifu. Nimesugua kioo cha ndani kwa pamba na spiriti, sasa halionekani kabisa.

Umefuta utando. Kile kioo cha mshazari hupakwa utando mwembamba unaopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na kwenye kamera nyingi kuukuu unatoka kwa kuguswa tu. Itabidi ukate kioo kingine cha aina hiyo kwa kipimo kilekile. Wengine mnaosoma: futeni vidirisha vya nje kwa upande wa ndani, kioo cha mshazari kipulizieni hewa ya pampu ya mkono tu. Mara nyingi ukungu wote uko kwenye vidirisha.

Bisibisi ya kawaida ya nyota inatosha?

Kwa kamera za Japani, hapana. Tafuta ya JIS, yaani ya kiwango cha Japani. Ile ya nyota ya kawaida, Phillips, hupanda juu ukiikaza na kuila skrubu.

Taswira mbili hazikutani nikilenga mlima wa mbali.

Kabla hujagusa skrubu ya kurekebishia, hakikisha lenzi yenyewe iko sawa. Fungua mgongo wa kamera, bandika utepe mweupe usiong'aa lakini unaopitisha mwanga kwenye reli za filamu, weka B (shata hubaki wazi ukiwa umebonyeza), tundu la lenzi wazi kabisa, na pete ya kulengea kwenye alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa. Shikilia shata wazi, tazama utepe kwa kioo cha kukuzia. Mlima ukiwa mkali, kosa ni la renjifainda: rekebisha ulalo, halafu wima, kisha pima tena mita 1. Ukiwa na ukungu, kosa ni la lenzi, na ukirekebisha renjifainda utakuwa umeharibu viwili.

Yashica Electro 35 yangu inapiga mwendo mmoja tu wa shata.

Bila umeme hupiga 1/500 ya sekunde pekee, kwa hiyo anza na betri na kutu ya kijani kwenye waya. Betri ya awali ilikuwa ya zebaki, volti 5.6; ya volti 6 inafaa. Ukivuta mkono wa filamu bila kusikia mlio mzito wa "klak", kipande cha mpira ndani kimeoza. Hicho kinastahili kufunguliwa kamera.

Nimefungua lenzi hadi nyuzi za kulengea, zile za mzunguko kama za skrubu, zikaachana. Nairudishaje?

Nyuzi hizo zina milango mingi ya kuingilia, na mmoja tu ndio sahihi. Mimi niliwahi kupoteza jioni tatu kwa kutoweka alama. Jaribu mlango mmoja baada ya mwingine, kila mara ukipima mlima kwenye utepe kama nilivyoeleza juu. Ukiupata, kwaruza alama kwa sindano pande zote mbili kabla hujakaza chochote.