Maswali yenu: Dili za umeme visiwani, na kimbunga kikipita nani analipa?

Sisi tunauza paneli za sola. Tunapataje dili na serikali za visiwa?

Hili swali linarudi kila mara kama vile sijawahi kulijibu. Kwenye miradi mikubwa serikali hainunui paneli jamani, inanunua umeme. Unajenga kwa hela yako au ya kukopa, shirika la umeme linakulipa kwa kila uniti miaka 20 hivi, sasa kama huna mtaji wa kusubiri muda wote huo tafuta mwenye nao na wewe uwe fundi wake, wala si aibu. Halafu mnahangaika sana na bei ya paneli wakati kinachopandisha bei ya umeme ni woga wa anayekopesha. Angalia Maldivi, mradi wao mmoja wa mwanzo ulikuwa kama senti 21 za dola kwa uniti, kufika 2020 tenda ya megawati 5 ikaja chini ya senti 11. Paneli zilishuka bei dunia nzima, ni kweli, ila Benki ya Dunia nayo iliweka dhamana, kwa hiyo mwekezaji alijua shirika likichelewa kumlipa kuna pa kukimbilia.

Tumesaini MOU na wizara, tuanze kutangaza?

Msitangaze. MOU ni hati ya makubaliano ya awali tu, haina bei, haina kiwanja, haina tarehe.

Jua lipo bure, kwa nini visiwa bado vinachoma dizeli?

Jua bure, betri si bure, na ardhi ndiyo kabisa haipo. Ushelisheli mwaka 2013 walisimamisha mitambo minane ya upepo, megawati 6, pale bandarini Victoria kwenye visiwa vilivyojengwa kwa kujaza kifusi baharini, kwa msaada wa Abu Dhabi. Hata hivyo jenereta lazima zibaki, kwa sababu gridi ya kisiwa haina jirani wa kumuazima umeme wingu likipita. Anayekuahidi asilimia mia bila kukuonyesha hesabu ya betri anakuuzia picha.

Ni kweli kimbunga kikija sola yote inang'oka?

Inategemea nati. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa zinapopotelea na hakuna anayeuliza kwenye vikao. Paneli nyingi hushikwa na vibano vidogo vya chuma, na kibano kimoja hushika paneli mbili, hii na ya jirani yake. Upepo unatikisa fremu saa nzima, nati inalegea, paneli moja inatoka, kibano kikishakosa upande mmoja hakina tena cha kubana, ya pili inafuata, basi safu nzima inaondoka na vipande vinaenda kupiga safu ya nyuma. Dawa inajulikana: boliti zinazopita kwenye fremu yenyewe, nati zisizolegea, na mtu wa kuzikagua kila mwaka kabla ya msimu wa vimbunga. Gharama inaongezeka kidogo tu, lakini kwenye tenda inayompa ushindi mwenye bei ya chini hicho kidogo ndicho cha kwanza kukatwa, halafu waziri anakata utepe. Dominica, kisiwa cha Karibea, walipigwa na kimbunga Maria mwaka 2017, hasara ikakadiriwa asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka. Nchi ya namna hiyo unaiuzia mtambo wa vibano vya bei chee? Andikeni kasi ya upepo kwenye mkataba, kwa namba, na nani anarudisha mtambo ukishindwa chini ya kasi hiyo.

Nimesikia Grenada waliacha kulipa deni baada ya kimbunga. Waliruhusiwa vipi?

Hawakuacha, waliahirisha. Walipopanga upya madeni yao mwaka 2015 waliweka kipengele kwamba kimbunga kikubwa kikipiga malipo yanasogezwa mbele, kimbunga Beryl kikaja Julai 2024 kikaifyeka Carriacou, kisiwa chao kimoja, wakakitumia kipengele. Barbados nao wana kipengele cha aina hiyo. Ila msishangilie sana, deni liko palepale na riba iliyoahirishwa inaongezwa juu yake. Na kipengele hicho kinagusa hati za deni la serikali, hakigusi mkataba wa serikali wa kununua umeme, kampuni inayouuza inaweza kuendelea kuleta ankara ya umeme ambao nguzo zimelala chini na hakuna wa kuupokea. Mikataba mingi inasema utalipa hata usipoutumia, kwa hiyo wanasheria wa serikali wasome hapo kwanza, picha baadaye.

Mfuko wa Hasara na Uharibifu utatupa mtaji?

Hapana. Ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh 2022 kwa ajili ya nchi zilizoumia na mabadiliko ya tabianchi, siyo kampuni inayotafuta mtaji.

Tupe mfano mmoja wa ubia uliofanya kazi.

Cabeólica ya Cape Verde. Ilianza na megawati 25.5 za upepo kwenye visiwa vinne, serikali na shirika lake la umeme wakiwa ndani pamoja na wawekezaji wa mwanzo kama Africa Finance Corporation na Finnfund ya Ufini. Wana bahati moja, eskudo yao imefungwa kwenye euro, kwa hiyo mkopo wa euro hauwageuki usiku. Nyie ambao sarafu yenu inayumba na mnataka kusaini malipo ya dola kwa miaka 20, nitumieni ukurasa wa mkataba unaohusu sarafu kabla hamjasaini, siyo baada ya kusaini kama mlivyozoea.