Sarafina Bila Sauti ya Mandela

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo mwigizaji mpya anaweza kuongeza lolote katika nafasi ambayo watazamaji wanaona tayari ina mwenyewe. Jibu langu ni kwamba anaweza, na ushahidi wangu ni msichana niliyemtazama hapa Nakuru akiigiza Sarafina, katika tamthilia ya nyimbo ya Mbongeni Ngema, mtunzi wa Afrika Kusini, pamoja na kikundi cha vijana waliokodi ukumbi wa kanisa.

Sarafina tunayemjua ni Leleti Khumalo, aliyeianza nafasi hiyo Johannesburg mwaka wa 1987 akiwa na miaka 17, akaivusha hadi Broadway, kwenye kumbi mashuhuri za maigizo za New York, mwaka uliofuata, kisha akairudia katika filamu ya 1992. Nimefundisha kwaya za shule za upili kwa miaka mingi, na karibu kila msichana niliyemwona akipewa nafasi hii humwiga Khumalo hata katika namna ya kuinua kidevu.

Wa Nakuru hakuiga, na tofauti ilidhihirika mwishoni. Katika mchezo huu, wanafunzi wa Soweto wanaandaa onyesho la shule kuhusu siku ambayo Nelson Mandela atatoka gerezani, na Sarafina ndiye anayemwigiza. Tukumbuke kwamba mchezo ulipotungwa Mandela alikuwa angali kifungoni, alikokuwa tangu 1962, na serikali ya makaburu ilikuwa imepiga marufuku picha zake zisichapishwe wala maneno yake yasinukuliwe. Aliachiliwa tarehe 11 Februari 1990. Kwa hiyo Sarafina wa asili ni mtoto anayemwigiza mtu ambaye hajawahi kumwona wala kumsikia, na hotuba anayoitoa ameibuni yeye mwenyewe, kwa matumaini tu.

Sisi, kinyume chake, sauti ya Mandela tumeizoea mno. Ndiyo sababu waigizaji wengi wakifika hapo huikwaruza sauti, huburura maneno na kukunja ngumi, nasi hupiga makofi kwa furaha ya kumtambua mzee. Naona hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa makofi yale ni ya Mandela, na msichana aliyetuongoza jioni nzima anakuwa ametoweka.

Huyu wa Nakuru alisimama katika koti la mtu mzima ambalo mikono yake ilimfunika vidole, akabaki na sauti yake ileile ya mwanafunzi. Alianza polepole, akiwageukia wenzake baada ya kila sentensi chache kana kwamba anawauliza, je, hivi ndivyo atakavyosema? Ukumbi ulinyamaza. Mama aliyekaa kando yangu, ambaye alikuwa akijipepea tangu mwanzo, aliacha kujipepea.

Kinanda kiliimeza kwaya mara kadhaa, na wachezaji wa safu ya nyuma walipotezana hatua. Hayo yanarekebishika kwa mazoezi. Lakini walipouimba ule wimbo unaoahidi kwamba uhuru unakuja kesho, nilitambua kwamba kwa miaka yote nimewafundisha wanafunzi wangu kuuimba kama wimbo wa ushindi. Msichana yule aliuimba kama mtu ambaye kesho yake haijafika, na ambaye hana hakika kwamba itafika. Muhula ujao nitaufundisha hivyo.