Mtaro umejaa na watu hawalipi ada ya taka: tulivyofanya kwetu Tandale

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha usafi kifanyeje, maana nusu ya nyumba hazilipi ada na taka zao zinaishia mtaroni. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kama hicho Tandale, Dar es Salaam, upande wa mto Ng'ombe, mwaka wa sita sasa. Nakujibu kama mtu aliyetukanwa kwa ajili ya taka, tena na wazee ninaowaamkia shikamoo kila asubuhi.

Waliokujibu kabla yangu wanakwambia utoe elimu. Sisi tulitoa mpaka spika ikaungua. Bibi mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mjukuu wangu, uchafu naujua kabla hujazaliwa. Gari linakuja lini?" Sikuwa na jibu.

Gari la mkandarasi lilikuwa linakuja likijisikia. Wiki hii Jumanne, ijayo Ijumaa, halafu kimya wiki mbili. Na likija haliingii ndani, vichochoro vyetu hata bajaji inapita kwa kubembeleza. Linasimama barabarani, linapiga honi, ukichelewa na kiroba chako unabaki unaangalia moshi wake. Sasa kaa na kiroba chenye vichwa vya dagaa na maganda ya papai siku kumi, kwenye chumba kimoja mnacholala wanne. Usiku wa tatu utakitoa tu. Masika ndiyo usiseme: watu wanasubiri maji yapande mtaroni, wanafungulia. Taka zinashuka, na vyoo vinatapishwa humo humo, vyote vinakwenda kwa jirani wa bondeni. Kipindupindu kikiingia tunashangaa kimetoka wapi.

Kwa hiyo tulianza na siku. Toroli mbili, vijana wanne, Jumatano na Jumamosi saa 12 asubuhi, mvua au jua, mlango kwa mlango mpaka sehemu ambayo gari linafika. Miezi miwili ya kwanza tulizoa hata kwa wasiolipa. Kikaoni tuligombana sana juu ya hilo, mwenzetu mmoja akajitoa, akasema tunafuga wavivu. Lakini ukimruka asiyelipa, taka zake haziendi popote, zinahamia mtaroni kwa anayelipa. Posho ya vijana ilitoka kwa mama lishe na wauza juisi, ambao walikuwa tayari kulipa zaidi kwa sababu bwana afya huwa anaanza nao.

Baada ya hapo ndiyo tukadai. Ada ilikuwa 2,000 kwa mwezi, tukaifanya 500 kwa wiki. Hesabu ni ile ile, ila anayeishi kwa kibarua cha siku hana 2,000 ya kukaa nayo mpaka mwisho wa mwezi, 500 ya Jumamosi anayo. Kijana anabeba kiroba, anapokea hela pale pale mlangoni, anagonga muhuri kwenye kadi. Kadi ikining'inia ukutani haina muhuri, wapangaji wenzako wanaiona. Hiyo ilifanya kazi kuliko barua zote za mtendaji. Siku hizi wanaokwepa tunawajua kwa majina, na wengi wao ni wenye nyumba wasioishi humo.

Jambo moja usilifanye kichwa ngumu: mkandarasi ana mkataba wa halmashauri, na mkikusanya hela nyuma ya mgongo wake mtaishia kituoni. Kaeni naye mbele ya mwenyekiti wa mtaa, muwe wazoaji wa ndani, yeye apakie mnapofikishia, na mgao uandikwe. Dar imekuwa ikiwapa watu binafsi kazi ya kuzoa tangu 1994, kwa hiyo hata ofisi hawataona kitu kigeni. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaziweka taka ngumu mikononi mwa serikali za mitaa, kwa hiyo gari lisipokuja mna mahali pa kudai.

Sasa lililonifungua macho. Gari lilikuwa linajaa kabla halijamaliza mtaa, tukawa tunabaki na taka barabarani. Nikaazima mzani kwa jamaa wa skrepa, tukapima mzunguko mmoja wa nyumba 20, tukimwaga na kuchambua kwenye turubai. Jumla kilo 286. Maganda, majani na mabaki ya chakula kilo 171. Mchanga wa kufagia uani, kilo 52! Pampasi kilo 19, chupa na plastiki ngumu kilo 14, zilizobaki ni nailoni, matambara na makaratasi. Yaani tulikuwa tunalipia dizeli kupeleka maji ya maganda na mchanga dampo la Pugu Kinyamwezi. Mchanga ulikuwa rahisi: fagia, ubakize uani, chota takataka peke yake. Wiki mbili tu uzito ukashuka, na hakuna aliyehitaji semina.

Maganda yalitutesa. Tulipata msaada wa ndoo, mbili kila nyumba, ya kijani kwa vinavyooza na ya bluu kwa vikavu, nzuri, zina mifuniko. Wiki ya pili napita, ndoo zote zimejaa maji ya DAWASA. Na nisingewalaumu, bomba linakatika kila siku, nani atie maganda kwenye ndoo ya mfuniko? Tukarudi kwenye viroba vya mchele vilivyochakaa kwa vikavu, na kopo la rangi lililotobolewa kwa maganda. Kopo la rangi halina anayelitamani.

Yale maganda tulitaka kutengeneza mboji. Jaribio la kwanza lilitufukuzisha kiwanjani, kwa sababu tulirundika vibichi vitupu: nzi, panya, maji meusi yanachuruzika mpaka kwa jirani. Mboji inataka vikavu pia, maranda ya fundi seremala au majani makavu, tabaka kwa tabaka, na kugeuzwa kila wiki ipate hewa. Mara ya pili ilitoka vizuri baada ya kama miezi mitatu, ila mjini kiwanja ni ghali na wanunuzi wa mboji ni wachache. Kilichotuokoa ni wafugaji. Maganda ya ndizi na mihogo anachukua mwenye ng'ombe, na mabaki ya mama lishe anachukua mwenye nguruwe, anafuata mwenyewe na pikipiki. Huyo wa nguruwe mwambieni achemshe kwanza, mabaki yenye nyama ya nguruwe yanaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika, na ikiingia bandani haina tiba ya kukimbilia.

Chupa hazina shida, waokotaji wanazimaliza kabla ya toroli, na msiwafukuze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019 na tofauti mtaroni tuliiona. Zilizobaki ni vifuko vya ubuyu, sabuni ya unga na biskuti, hazina mnunuzi, hizo ni za gari. Wasichome. Najua kila uani kuna shimo la moto la jioni, lakini plastiki na pampasi zikiungua kwa moto mdogo zinatoa sumu, na moshi ule unaingia dirishani kwa mtoto mwenye pumu.

Na kama kuna mtu kikaoni atasema taka zikishatoka mtaani si zetu, mkumbushe Tabata. Wakazi wa kule walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kudai dampo liondolewe, na mji umekuwa ukihamisha dampo kutoka kwa watu wa hapa kwenda kwa watu wa pale mpaka likafika Pugu, ambako nako sasa kuna nyumba.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ya usafi, itumieni kwa mtaro tu, na matope yaondoke siku hiyo hiyo. Mkiyarundika pembeni, mvua ya kwanza inayarudisha yalikotoka. Sisi tuliyarudisha mara tatu kabla ya kushtuka. Mzani jamaa wa skrepa wanaazimisha kwa soda moja, anzeni nao wiki hii.