Klabu ya Maadili ya Mapenzi Chuoni: Maswali Yenu na Majibu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa klabu ya wanafunzi wanaoshikilia msimamo wa jadi kwamba tendo la ndoa lina mahali pake, yaani ndani ya ndoa ya mume na mke. Viongozi wa klabu za namna hiyo huniandikia mara kwa mara, na leo nawajibu sita.

Mwalimu, tumeomba usajili mara mbili, na ofisi ya wanafunzi inasema malengo yetu "yanawagawa wanafunzi". Tuna haki gani?

Inategemea nchi na aina ya chuo. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1972, katika kesi ya Healy dhidi ya James, kwamba chuo cha umma hakiwezi kukinyima chama cha wanafunzi utambuzi kwa sababu tu wakuu wa chuo wanayachukia mawazo ya chama hicho. Hata hivyo, mwaka 2010 mahakama hiyohiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikiruhusu chuo cha sheria cha Hastings kudai kwamba kila chama kinachotambuliwa kimpokee mwanafunzi yeyote anayetaka kujiunga. Chama kilichoshindwa kilikuwa cha Wakristo waliowataka wanachama watie saini tamko la imani. Vyuo binafsi huongozwa zaidi na kanuni zao wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja mahakama, someni kanuni za usajili za chuo chenu neno kwa neno, kisha mwombe jibu la maandishi linaloonyesha ni kifungu kipi mmekikiuka. Nimewahi kuona ombi likirudishwa, wanafunzi wakalia kwamba wanaonewa, kumbe katiba yao haikutaja akidi wala namna ya kumwondoa mwenyekiti. Tazameni pia lugha yenu: lengo la "kupambana na uasherati chuoni" linawafanya wenzenu wa bwenini kuwa maadui, ilhali "kujadili na kutetea" msimamo wenu ni kazi ambayo chuo chochote kinaielewa.

Baadhi yetu wanataka kila mkutano ufunguliwe kwa sala. Wengine wanasema tutawafukuza wasio wa dini yetu.

Hao wengine wana hoja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walioanzisha klabu kama yenu mwaka 2005 waliipa jina la Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa Mwingereza aliyekuwa Mkatoliki thabiti, lakini hawakuifanya kuwa klabu ya dini. Walichagua kujenga hoja kwa falsafa na sayansi ya jamii, ili hata asiyesali aweze kuzipima. Wanaotaka kusali wakutane nusu saa kabla ya mkutano.

Tunafikiria kuwapa wanachama wapya kadi ya kiapo cha kusubiri hadi ndoa. Unashauri nini?

Nashauri msifanye hivyo, na hili nalisema nikijua litawaudhi wengi. Utafiti wa Peter Bearman na Hannah Brückner, uliochapishwa mwaka 2001, uliwapata vijana wa Marekani walioapa wakichelewa kuanza ngono kwa takriban miezi 18, lakini athari hiyo ilitegemea mazingira: kiapo kilifanya kazi pale walioapa walipokuwa kundi dogo lenye utambulisho wake, na kilipokuwa cha kila mtu kilipoteza nguvu. Mwaka 2009 Janet Rosenbaum aliwalinganisha walioapa na vijana wasioapa waliofanana nao kwa imani na mitazamo, akakuta kwamba baada ya miaka mitano mienendo yao haikutofautiana, na kwamba asilimia 82 ya walioapa walikana kuwa waliwahi kuapa. Ila walioapa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kutumia kinga.

Ninachokisoma hapo ni kwamba kundi dogo la marafiki linalokutana kila wiki lina uzito kuliko karatasi. Kadi zina hatari nyingine pia. Klabu kama yenu ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoanzishwa mwaka 2006, iliwahi kuwatumia wasichana wa mwaka wa kwanza kadi za Siku ya Wapendanao za kuwahimiza wasubiri, ikalaumiwa kwamba inapima thamani ya msichana kwa ubikira wake. Lawama hiyo ingeepukika kama mtu mmoja mezani angeuliza wavulana watapelekewa nini.

Mabango yetu yanachanwa kila usiku.

Pigeni picha, ripotini, bandikeni mengine. Msichane ya wenzenu.

Katibu wetu amejulikana kuwa analala na mpenzi wake. Wanachama wanataka aondolewe.

Nakumbuka kikao kimoja cha namna hiyo. Viti vilipangwa duara, na katibu ambaye jina lake lilikuwa likinong'onwa ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu. Alipofika kwenye "mengineyo" aliandika namba ya ajenda, akasita, akaifunika kalamu yake na kuiweka juu ya daftari. Hakuna aliyethubutu kuanza kusema, nami, kwa aibu yangu, nilinyamaza pia.

Siku hizi naanza na swali moja: je, bado anauamini msimamo wa klabu? Kiongozi anayeupinga hadharani anapaswa kujiuzulu, kama ambavyo angefanya katika chama kingine chochote. Anayeuamini lakini ameteleza, aachwe aamue mwenyewe, akizungumza na mtu mmoja anayemwamini, pasipo kura wala kikao. Klabu isiyoweza kumbeba mtu wa namna hiyo itabaki na waliofanikiwa kuficha mambo yao. Tena hamkuniambia kama huyo mpenzi ni mwanachama wenu. Mara nyingi huwa ni mwanachama, na hakuna anayemwitia kikao.

Baada ya mkutano mwanafunzi mmoja alibaki nyuma, akatuambia alibakwa, na kwamba hotuba yetu ilimfanya ajione mchafu. Tulishindwa la kusema.

Mwambieni, leo kama inawezekana, kwamba kubakwa si kosa lake na hakuna uhusiano wowote na usafi wa kimaadili mnaouzungumzia. Msimhoji na msimsimulie mtu mwingine. Mpeni namba ya mshauri wa chuo na ya kituo cha afya, na kama anataka kusindikizwa aende na mtu atakayemchagua mwenyewe. Matibabu ya kuzuia VVU baada ya tukio huanza ndani ya saa 72, hivyo ulizeni hilo moja tu: lilitokea lini. Kisha chukueni ile hotuba, mtafute sentensi iliyomwumiza. Nadhani mtaikuta pale mlipomfananisha mtu na ua lililonyauka.