Maswali na Majibu: Boila Inayodai Maji Kila Mara

SWALI: Ndugu mhariri, boila yangu ya gesi, ambayo hupasha moto maji ya kuogea pamoja na yale yanayozunguka kwenye redieta za vyumbani (vile vyuma vya ukutani vinavyopasha joto nyumba), inanitia mashaka. Kila baada ya siku chache mshale wa geji ya presha hushuka chini ya baa 1 (baa ni kipimo cha presha) na boila hukataa kuwaka, nami hufungua koki ya kujazia hadi mshale ufike 1.5, ndipo iwake tena. Lakini redieta zikishapata moto mshale huo hupanda hadi karibu 3, na bomba dogo la shaba lililotokeza nje ya ukuta hudondosha maji. Nimekagua redieta zote na sijaona panapovuja. Je, niendelee kujaza tu?

JIBU: Usiendelee, ndugu msomaji. Maji unayoyatafuta kwenye redieta yanatokea katika hilo bomba la nje, na huenda mfumo wako hauna tundu popote. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 80 za Selsiasi hutanuka kwa karibu asilimia 3, kwa hiyo mfumo wenye lita 100 huwa na takriban lita 3 za ziada ambazo ni lazima zipate pa kwenda. Ndiyo maana boila hufungiwa tangi la mtanuko, yaani chombo cha chuma kilichogawanywa katikati kwa utando wa mpira, upande mmoja ukiwa na maji na upande wa pili ukiwa na hewa au nitrojeni. Maji yanapotanuka huusukuma utando, hewa hubanwa, na presha hupanda kidogo tu.

Hewa hiyo ikipungua kwa kuvuja polepole miaka nenda miaka rudi, au utando ukichanika, maji yaliyotanuka hukosa nafasi na presha hupanda haraka hadi baa 3, kiwango ambacho vali ya usalama ya boila nyingi za nyumbani hufunguka. Sehemu ya maji humwagika nje. Kisha mfumo ukipoa, yale yaliyobaki hayatoshi tena, mshale huanguka, nawe unaitwa kwenye koki. Ukijaza leo unaandaa mmwagiko wa kesho.

Ubaya wa kujaza mara kwa mara hauonekani upesi. Maji mapya huingia na oksijeni inayokula chuma cha redieta, na ile kutu huwa tope jeusi linalotuama chini ya redieta na kuziba njia nyembamba za boila. Maji yenye chokaa, nayo, huacha tabaka gumu mahali penye moto mkali zaidi.

Kabla ya kumwita fundi, fanya kipimo kimoja ambacho hakihitaji kufungua chochote. Mfumo ukiwa umepoa kabisa, andika namba iliyo kwenye geji. Halafu washa, subiri redieta zipate moto, uandike tena. Ikiwa mshale umetoka 1.2 ukaishia 1.8 au 2, tangi huenda ni zima na inafaa kutafuta uvujaji. Ukikimbia hadi 3, mshukiwa wa kwanza ni tangi. Mweleze fundi namba hizo, na umtake alipime tangi lenyewe wakati upande wa maji hauna presha, kwa sababu vinginevyo geji yake itasoma msukumo wa maji badala ya hewa. Akibonyeza vali ya hewa na maji yakatoka, utando umechanika na tangi halina budi kubadilishwa. Wapo mafundi wanaobadilisha vali ya usalama peke yake na kuondoka: ni kweli vali iliyofunguka mara nyingi huweza kushindwa kujifunga vizuri kwa sababu ya takataka, lakini chanzo cha tatizo kikiachwa, vali mpya nayo itafunguka.

SWALI: Boila yetu ni ya zamani, na kupitia kidirisha chake naona moto umegeuka kuwa wa manjano, huku masizi yakionekana juu ya kifuniko. Je, kusafisha kunatosha?

JIBU: Izime sasa, fungua madirisha, na usiiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni ya gesi aikague pamoja na bomba lake la moshi. Moto wa boila kama hiyo unapaswa kuwa wa buluu na uliotulia. Wa manjano ulioandamana na masizi huashiria kwamba gesi haiungui kikamilifu, na hapo huzalishwa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu vinavyopungua mkitoka nje ya nyumba ni sababu ya kutorudi ndani na kumwona daktari siku hiyo hiyo. Kengele ya kaboni monoksidi ni ya lazima, lakini haichukui nafasi ya ukaguzi wa kila mwaka.

SWALI: Tumefungiwa boila ya kisasa, ile inayotoa mvuke mweupe nje. Niiweke kwenye nyuzi ngapi ili gesi isiishe ovyo?

JIBU: Boila ya namna hiyo hupata faida yake pale mvuke ulio ndani ya moshi unapogeuka kuwa maji na kuacha joto lake, jambo linalohitaji maji yanayorudi kutoka kwenye redieta yawe chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiyapeleka yakiwa na nyuzi 75 au 80, faida hiyo huipati kwa sehemu kubwa. Anza na nyuzi 60 kwa upande wa redieta, kisha ushushe kidogo kidogo maadamu vyumba vinapata joto la kutosha. Hata hivyo, kama maji ya kuogea huhifadhiwa kwenye tangi, tangi hilo libaki kwenye nyuzi 60 ili bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, wasistawi.