Re: Ndugu wanataka mama afichwe kuwa ana kansa

Mkuu, umeuliza kama daktari akubali ndugu wakimwomba asimwambie mama yao ana kansa. Mi naona hapana, kama mama ana akili timamu majibu ni yake kwanza, ndugu baadaye. Ila usikurupuke, mkalishe umuulize taratibu "mama, ungependa kujua kila kitu au niongee na wanao?" akisema ongea na wanangu hapo umepata ruhusa yake mwenyewe, hata Azimio la Lisbon la haki za wagonjwa (la Chama cha Madaktari Duniani, la 1981, likarekebishwa 1995) linatambua haki ya kutotaka kuambiwa. Afu wagonjwa wengi huwa washahisi bwana, anaona watoto wanatoka nje kunong'ona wakirudi macho mekundu, unadhani haelewi?